Nafasi ya Ukutani

Kaka alimsingizia dada yake. Alimwambia mkunga mstaafu, waliyemwekea vigae, kwamba sakafu ya sebule yake imeinuka kwa sababu ya kazi ya dada, huku akijua fika kwamba anasema uongo.

Dada huyo, mafundi wenzake humwita Kidole. Kaka hupanga vigae na kuweka kati yao vile visalaba vya plastiki ili nafasi zilingane. Dada hufuata nyuma, akizijaza saruji nafasi hizo, yaani viungo, na kufuta. Pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, hapatiwi saruji. Huachwa nafasi ya upana wa penseli, kisha Kidole huijaza silikoni, ambayo hunyumbulika, na kuilainisha kwa kidole alichochovya kwenye maji ya sabuni. Wakimtania kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, huwajibu, "Hakivunji, ila kinaziba mlichoshindwa nyie wenye kumi."

Kazi hiyo alifundishwa na kaka huyohuyo, mwaka ule mumewe alipomwacha na watoto wawili. Alimwongoza kiungo kwa kiungo, hakumkaripia hata alipochafua chumba kizima. Ndiyo maana uongo ule ulimchoma.

Siku ya kumalizia sebule ya mkunga, Kidole alikuwa amempeleka mama yao kupimwa macho. Kaka alikuwa na haraka ya kuhamia kazi nyingine. Akashindilia saruji kwenye nafasi ya ukutani pande zote nne. Joto lilipokuja, vigae vikatanuka, vikakosa pa kwenda, vikainuka katikati kama mgongo wa kobe. Mkunga, anayetembea kwa fimbo, akajikwaa na kuumia goti.

"Viungo vyote hivyo kajaza dada," kaka alisema, macho kwenye pima maji yake.

Kidole angeweza kusema. Lakini kaka akijulikana kuwa fundi asiyeacha nafasi ukutani, nani atamwita tena? Akaumeza uchungu, akachukua tindo.

Siku tatu alichokoa saruji ile akiwa amepiga magoti. Mkunga alikaa kitini, mguu juu ya mto, akimsimamia.

"Nimepokea watoto wa mtaa mzima, hakuna aliyenipiga ngwala. Sakafu yako ndiyo imethubutu."

"Nisamehe, Mama."

"Chai hiyo. Kunywa kwanza, ukuta hauhami."

Kaka alipanga upya vigae vya katikati, akaondoka bila kuaga. Kidole akajaza viungo, na mwisho kabisa akapitisha silikoni ukutani. Ilipokauka, mkunga alivua kandambili, akamshika bega, wakazunguka chumba polepole. Nyayo zake ngumu zilipapasa kila kiungo. Kwenye kona akasimama, kidole chake cha mguu kikibonyeza silikoni pale ilipokuwa saruji.

"Siku ile mlipomaliza, mbona sikukuona hapa?"

"Nilimpeleka mama kupimwa macho."

Mkunga akalibana bega la Kidole.

"Kumbe nimemnunia asiyehusika. Nimwite huyo kaka yako?"

"Usimwite, Mama. Aje mwenyewe."

Kaka hajaenda. Nyumba ya mkunga anaipita kila asubuhi, ndoo ya vifaa mkononi, na siku hizi huvuka upande wa pili wa njia. Kaka anadaiwa maneno mawili tu, "Ni mimi," na anadaiwa ayaseme mara mbili: mlangoni kwa mkunga, na mbele ya dada yake, ambaye bado anamfuata nyuma akimjazia viungo.