Dawa Niliyoitia Kwenye Chupa ya Binti Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu na la kanisa langu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeficha jambo moja: dredi za binti yangu hazikukatika kwa ugonjwa, wala kwa mkono wa Mungu kama nilivyotangaza. Mimi baba yake ndiye niliyeziua.

Nina miaka themanini na mitatu. Ni Mkenya. Nilikuja Kampala baada ya vita vya themanini na sita, wakati shule zilikuwa zinatafuta walimu, nikafundisha kemia mpaka nikastaafu. Mke wangu alifariki zamani. Moyo wangu umechoka, na daktari amenishauri nisiweke mipango ya mbali. Naishi Naguru nyumbani kwa huyo huyo binti. Nitamwita Naliaka, si jina lake. Ndiye anayeniogesha na kunilisha.

Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alianza kufuga dredi. Hakuunganisha nywele za dukani. Alisokota zake mwenyewe, kishungi kimoja kimoja, akangoja zishikane. Siku moja nilipomfokea alinieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi: "Baba, watu wanafikiri dredi ni uchafu, kumbe hazipendi uchafu kabisa. Naziosha kila baada ya wiki mbili, nazianika juani mpaka zikauke ndani, maana zikibaki na unyevu zinanuka. Mafuta napaka kidogo tu, kwenye ngozi. Hii si chapati." Alikamua alovera, akachanganya na mafuta ya mnyonyo na matone ya mnanaa, akaweka chupa kwenye dirisha la bafu letu. Ngozi ya kichwa chake ilikuwa safi kuliko yangu, na mimi nilikuwa na upara.

Alipanga chumba cha kazi Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi, akawa anasokota watu. Mteja wake mmoja, mama wa Kikongo, alinikuta mlangoni akanishika mkono. "Muzee, mutoto yako iko na mikono ya baraka. Mimi nilikuwa najikwaruza kichwa sawa kuku. Ona sasa!" Nilimjibu kwamba baraka hiyo haikutoka kwa Mungu ninayemjua mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi Mungu yako akuje hapa, tumusokote."

Sikucheka. Nilikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Mwalimu, yule muyaaye ni wako?" Muyaaye hapa Kampala ni mhuni, mvuta bangi. Nilimwamuru Naliaka anyoe. Akaniambia, "Baba, niambie kosa langu. Usiniambie watu wanasema nini."

Katika vitu vya marehemu mama yake lilibaki kopo la dawa ya kulainisha nywele, ile kali ya zamani yenye alkali. Nimefundisha alkali maisha yangu yote. Nilijua vizuri inachofanya ikiachwa kwenye ngozi. Asubuhi moja alipotoka kuchota maji, nilikoroga kijiko kimoja ndani ya chupa yake, nikairudisha dirishani vile vile alivyoiweka.

Alipaka, akafunga kitambaa, akaenda kazini. Ilipoanza kumwasha alidhani ni mnanaa. Wiki haikuisha, kichwa kilikuwa kimejaa vidonda na dredi zinang'oka na mizizi yake. Nilimkuta amekaa kitandani amezipakata kama mtu aliyepakata mtoto. "Baba, nimekosea wapi?" Nikamwambia, "Muulize Mungu."

Jumapili iliyofuata nilimsimamisha mbele ya kanisa na kile kitambaa chake, nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amemrudi mwanangu kwa sababu ya kiburi. Watu walipiga makofi. Wengine walilia. Yeye alikuwa anatazama sakafu.

Leo anauza nyanya sokoni Nakawa. Kichwa chake kina mabaka yasiyoota kitu, na siku hizi hatoki nje bila kitambaa. Hanung'uniki. Ananikanda miguu kwa mikono ile ile.

Kilichonitoa usingizini ni mjukuu wangu, binti yake. Mwezi uliopita aliomba kufuga dredi. Mama yake alimkatalia: "Sisi katika ukoo huu ngozi ya kichwa ni mbovu, inaoza. Muulize babu." Msichana akanigeukia. Nami, Mungu anisamehe kama bado ananisikia, niliitikia kwa kichwa.

Nikimwambia Naliaka ukweli, huenda akaacha kunishika, nami siwezi hata kugeuka kitandani peke yangu. Nikinyamaza, atanizika akiamini kwamba mwili wake ndio uliomsaliti, na ataurithisha uongo huo kwa mwanawe. Ninyi mliolelewa na wazazi wagumu, nielekezeni. Mngependa kuambiwa, au mngependa baba afe na siri yake?

Lakini msinijibu kwa huruma, kwa sababu nimewaandikia kana kwamba ilikuwa mara moja. Naliaka hakuacha kazi mara ile ya kwanza. Vidonda vilipona. Aliimwaga ile chupa, akaulaumu mnanaa, akachanganya nyingine bila mnanaa, akaanza kusokota upya, na baada ya mwaka zilikuwa zimefika masikioni, nyeusi, zimeshika vizuri. Wateja walirudi. Mchungaji mwenyewe aliniambia, "Mwalimu, mwache mtoto." Hakuna aliyekuwa akinicheka tena. Ila mimi nilikuwa nimeshasimama madhabahuni nikasema Mungu amezikataa, na kila Jumapili nywele zile zilikaa kiti cha mbele zikinifanya mwongo.

Nilirudia. Safari hiyo nilitia vijiko viwili.