Shati la Kaka kwa Mshona Viraka

Jirani yetu mshona mablanketi ya viraka huongea sindano ikiwa midomoni, wala haijawahi kumchoma. Ukimpelekea nguo huipapasa kwanza, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Ya marehemu huikata. Ya aliye hai hukurudishia: "Mwenyewe bado anaitaka." Ndipo mama akampelekea shati la kaka, aliyepotea safarini, akiomba moyoni lirudishwe. Jirani akalipapasa, akachukua mkasi.

"We bibi, huna haya! Mwanangu yu hai!" Mama akalivuta kwa nguvu zote. "Liachie!"

"Mbona nimeshaliachia, mwanangu."

Nikatazama. Viganja vya jirani vilikuwa wazi, mkasi umeanguka chini. Mkono wa shati ndio uliomshika, umejiviringisha hadi kiwikoni, na ulikuwa unazidi kukaza.