Kaka Yangu na Madaraja ya London

Sipendi kuulizwa kuhusu London. Majirani zangu hapa Isiolo wakiona ile picha nimeshika reli ya meli, nyuma yangu mto mpana na majumba ya vioo, hudhani nilistarehe. Nilikuwa naungua ndani.

Kaka yangu mkubwa anaishi huko miaka mingi, na aliniita kwa harusi ya bintiye. Mama, ambaye sasa hatoki kitandani bila kushikwa, alinituma neno moja: "Mwambie aje anione. Asingoje kuja kunizika."

Wiki nzima nyumba ilijaa wageni. Siku ya mwisho kaka akanipeleka kwenye meli ya watalii, mimi na yeye tu. Nikasema alhamdulillahi, leo ndiyo leo.

Kwetu mgeni wa mbali haropoki. Mwenyeji ndiye humfungulia mdomo: mvua je, mifugo je, watu je? Ukiulizwa watu, hapo unatua mzigo wako. Na mimi ni mdogo wake. Nikaketi kwa adabu, nikasubiri.

Aliuliza kama nasikia baridi, basi. Mwelekezi alitangaza daraja hili, mnara ule, mfalme fulani aliyekatwa kichwa, na kaka akanitafsiria yote, kana kwamba kumkosa huyo mfalme ni dhambi.

"Unaona hii maji, dadangu? Haikaukangi."

Nikamfungulia mlango mwenyewe. "Huko kwetu imekauka. Ng'ombe wanaanguka mpaka Oldonyiro."

"Woi, pole. Simama hapo nikupige picha."

Nilimchukia, Mungu anisamehe. Nikajiambia mtu asiyemuulizia mamake hastahili kuambiwa habari zake. Nikafunga mdomo mpaka meli ikarudi gatini. Kile kilikuwa kiburi, nami nikakiita adabu.

Kesho yake, kwenye uwanja wa ndege, moyo ulinisuta nikamwandikia kwenye simu maneno ya mama, yote. Nilipotua Nairobi nikakuta jibu lake: "Mwaka ujao, inshallah."

Mama hana mwaka. Nilipofika aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Anakuja," nikasema.

Akaitisha hina. Nilimpaka mikono yote miwili, mimi mwenyewe, huku akiniuliza kama mwanawe amenenepa.