Upande wa Pili wa Bati

Shemeji yangu ana ghala la mahindi Kibaigwa, na chumba wanacholala yeye na dada yangu kimeungana nalo. Upande mmoja kuna magunia. Upande wa pili ni ukuta wa bati tu, na nyuma yake anaishi kuli wa sokoni na familia yake. Majambazi walipomkata mapanga mfanyabiashara wa jirani, shemeji aliomba kibali cha bastola, akapewa. Kisha akaniita, kwa sababu mimi husoma.

Aliweka risasi mbili juu ya gunia. Moja ilifunikwa shaba mpaka nchani. Nyingine ilikuwa na tundu kwenye ncha.

"Hii ya tundu wanasema inafunguka ndani ya mtu," alisema. "Wewe uliyemaliza vitabu vyote vya Dodoma, niambie. Ni halali?"

Nilimweleza nilichojua. Sheria za vita zinaikataza: askari aliyekwisha kuanguka hapigani tena, na kumchana zaidi ni kumtesa bure. Lakini polisi wa nchi nyingi huitumia, maana kwa kawaida hubaki mwilini mwa aliyepigwa. Ile nyingine huweza kumpenya mtu na kuendelea.

Nikagonga bati kwa kidole. Upande wa pili mtoto akagonga kunijibu, akacheka.

"Basi ukipiga, elekeza kwenye magunia," nilisema.

"Na jambazi nimwambie, samahani ndugu yangu, sogea kidogo kwenye mahindi?"

Dada yangu alikuwa akichambua mchicha mlangoni. Hakucheka. "Mnachagua namna ya kumpasua mtoto wa mtu."

"Hata hajaja," alisema shemeji.

"Na mmeshamhukumu."

Niliiokota ile ya tundu nikaitazama. Niliwahi kusaidia kumchuna pofu, yule mnyama wa jamii ya swala mkubwa kama ng'ombe, aliyepigwa na askari wa wanyamapori kwa risasi inayofunguka. Tundu la kuingilia lilitosha kidole changu cha mwisho. Ndani, pafu lilikuwa uji.

"Ya tundu," nilimwambia shemeji mwishowe. "Siku ukijenga ukuta wa tofali, uniulize tena."

Ukuta ungali wa bati. Nikienda kuwasalimu hugonga, na mtoto hujibu. Hapo huona nilishauri vyema. Nikiwa njiani kurudi Dodoma humfikiria yule ambaye hajaja, na pafu lake.