Kasri la Bibi Lenye Mlango wa Unguja

Jumamosi iliyopita nilikuwa Harrow, London, kwenye nyumba ya wazee wangu, nabandua karatasi za ukutani kabla ya kuikabidhi kwa wenyewe wapya. Karatasi ya tatu ilipotoka, kioo kidogo kama kifungo cha koti kilinidondokea mguuni. Nilikaa chini palepale nikacheka peke yangu. Kasri la bibi lilikuwa bado lipo.

Bibi, mzaa baba, alizaliwa Bhuj, mji wa Kachchh huko India, penye kasri la kale la vioo. Akianza kulisimulia, bajia zinaungua. Kuta za marumaru nyeupe zimejaa vioo na nakshi za dhahabu, sakafu ni vigae vya rangi, na katikati ya ukumbi jukwaa la mfalme limezungukwa na maji yanayoruka, joto lisimsumbue akisikiliza mashairi. Fundi wake, kwa maneno ya bibi, alikuwa baharia aliyevunjikiwa na chombo, akaokolewa na Wazungu, akakaa kwao mpaka akajua kutengeneza vioo na vigae. "Mzungu kamfunza, yeye kamshinda," bibi alipenda kumalizia.

Kutoka Bhuj aliolewa Unguja, na baada ya Mapinduzi sote tukahamia London, mimi nikiwa bado nanyonya. Unguja bibi hakuitaja kabisa. Ukimuuliza nyumba yetu ya huko ilikuwaje, yeye anakuuliza kama umeshakula.

Lakini kasri alilijenga, ukuta mzima wa chumba cha nyuma. Kwao Kachchh watu hupamba kuta kwa udongo na samadi ya ngamia, wakapachika vioo. Harrow ngamia hakuna, basi akatumia plasta ya dukani na gundi ya unga wa ngano. Vioo tulipewa na jirani yetu Mwingereza, aliyeamini kioo kikivunjika ni nuksi ya miaka saba. Kila kilichovunjika mtaani alituletea mbio, kimefungwa gazetini, na bibi akampa sahani ya bajia kwa hisani yake. Kazi yangu ilikuwa kukoroga plasta, na kupiga ukelele treni ikipita ili bibi avishikilie vioo visitikisike. Jamani, raha ile!

Basi nikajigamba shuleni kwamba kasri la kwetu nalijua nje ndani, kama bibi alivyolifinyanga ukutani: lina mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, na mbele yake baraza ya mawe, wageni wa mfalme wanywee kahawa. Mwalimu akaja na kitabu cha picha kutoka maktaba. Vioo vilikuwemo, vigae vilikuwemo. Mlango ule haukuwemo, wala baraza. Darasa zima likaniita mwongo, nikalia njia nzima.

"Bibi, umenambia uongo!"

Alikuwa juu ya ngazi, plasta mpaka kwenye nyusi. Alishuka akanisikiliza, kisha akacheka hata mtandio ukaanguka.

"Mie kasri sikuingia hata siku moja, mwanangu. Baba yangu alikuwa akifagia mle, ndiye aliyenihadithia. Mlango na baraza ni vya nyumba yetu ya Unguja. N'likuwa sina pa kuviweka, nikaviweka kwa mfalme. Atanikatalia?"

Akajifuta macho. Siku hiyo alinieleza nyumba yetu chumba kwa chumba, tukala bajia zote alizomwekea jirani. Nilifurahi kuliko kama ningeambiwa tunaye mfalme. Jumatatu niliwaambia wenzangu kwamba mfalme alisahau baraza, bibi yangu kamsaidia.

Bibi hayupo tena, na baada yake ukuta wake ulifunikwa karatasi. Kasri la Bhuj lilipasuliwa na tetemeko, nyumba ya Unguja wanakaa wengine, na ukuta huu wenyewe wapya wataupaka rangi.

Binti yangu aliingia nikiwa nimeufikia mlango wa kasri pale ukutani.

"Is that India, Mum?"

"Vioo ni India. Mlango na baraza ni kwetu."

"Then I'll sit here," akasema, akakaa sakafuni chini ya baraza, akaagiza kahawa kama mgeni wa mfalme.

Nilikwenda kuitengeneza huku machozi na kicheko vikinijia pamoja. Bibi hakuwa na pa kuuweka mlango wake, akauweka kwa mfalme. Mimi nimeuweka hapa, kwenye hadithi hii, kwako wewe unayeisoma.