Meza ya Mtumbwi Usiowahi Kuelea

Mdogo wangu Luhende ana duka la samani Nyamagana, na juu ya mlango ameandika: "Mbao za mitumbwi chakavu. Hapa hakatwi mti." Kila nikipita pale natamani kutema mate.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwetu mjenzi alikuwepo, na heri asingekuwepo. Tangu utotoni alikuwa hodari wa mdomo tu. Akitumwa kuchunga, ng'ombe walirudi wenyewe, yeye akafuata nyuma na hadithi ya fisi. Mama alikuwa akicheka mpaka machozi, na nadhani hapo ndipo alipoharibikia.

Mwanzoni, nimpe haki yake, mitumbwi ilikuwa ya kweli. Alinunua mibovu kule Kirumba, akaibomoa, akatengeneza meza zenye rangi iliyobanduka na matundu ya misumari. Wenye hoteli wakazigombania. Halafu mibovu ikaadimika, maana mvuvi hauzi mtumbwi unaoelea, na bwana yule hajui kumwambia mteja asubiri. Akavuka kwa kivuko cha Kamanga, akaenda nyumbani.

Kwetu Sengerema tuna ngitili, eneo alilolifunga marehemu baba ili nyasi na miti vipumzike, ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi. Kuni zilizoanguka unaokota. Mti mbichi haugusi mtu mpaka ukoo ukae, na kijiji kizima kinaishi kwa sheria hiyo. Mama alikuwa ameenda Geita kumuuguza mdogo wake. Aliporudi alikuta mininga yote mikubwa imebaki visiki, na nyasi zimesagwa na matairi ya lori. Luhende alikuja mbio, akalia kuliko mfiwa, akawalaani wezi wa magogo. Mama ndiye aliyembembeleza! Kiangazi kile ng'ombe wake walikonda mpaka ukiwatazama unaona haya.

Kumbe mbao zilikuwa ufukweni Kirumba, zimelowekwa ziwani. Luhende alizipaka rangi ya bluu, akaikwangua kwa msasa, akapigilia misumari yenye kutu. Ndivyo mti wa baba ulivyogeuzwa mtumbwi.

Hoteli moja ya ufukweni ikaamua kumtuza kwa kuokoa misitu. Kuokoa misitu, yeye! Akatuleta mimi na Mama, Mama kavishwa kitenge kipya apigwe naye picha. Mama aliketi, akaipapasa meza, kidole kikasimama. Ndani ya ubao kulikuwa na kipande cha waya kilichomezwa na mti miaka mingi.

"Waya huu baba yenu alitundikia mzinga," alisema.

Luhende akacheka. "Mama, huu ulikuwa mtumbwi."

"Mtumbwi wa kuvulia nyuki?"

Wageni wakaangua kicheko. Luhende akawageukia, jasho likimtoka. "Mtuwie radhi. Mama yangu kazeeka, kumbukumbu imemtoka."

Mama aliondoa mkono mezani taratibu, akauweka mapajani. Nimewahi kumdharau Luhende kwa mengi, ila siku ile nilimchukia.

Wiki hiyo Mama alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akamtaja mwanawe mwenyewe. Kijiji kikamtenga. Asipewe moto, asipewe maji wala kigoda, asisalimiwe, mpaka arudi kukiri mbele ya wote. Luhende alipopelekewa habari alisema huo ni ushamba, yeye mtu wa mjini.

Mtu wa mjini akawa na binti wa kuoza. Wakwe wakauliza mbona bibi mzaa baba wa binti haonekani, maana harusi isiyo na bibi inatia mashaka. Basi huyo, akaja na kilo za sukari na kitenge kingine. Majirani walimpita kama kisiki. Muuza viti alisimama uani juani, hakuna aliyemsogezea hata kigoda.

"Shikamoo, Mama."

Mama aliendelea kuchambua choroko kwenye ungo.

"Mama, ni mimi, Luhende. Nimekuja kukuchukua, mjukuu wako anaolewa."

Mama akainua macho, hakumtazama yeye, akanitazama mimi.

"Selina, huyu ni nani? Mwenzenu kumbukumbu imenitoka."