Goli la Lali

Sisi tuliokuwa wavulana Faza wakati ule, hebu tusidanganyane: uwanja hatukuwa nao. Tulikuwa na ufuo. Maji yakitoka, tunashuka na miti yetu minne ya mikoko, tunaichimbia kwenye mchanga mbichi, tunachora mistari kwa kisigino, mpira unaanza. Dakika tisini tulizisikia redioni tu. Sheria yetu ilikuwa moja: maji yakimfika kipa magotini, mechi imekwisha. Lango la upande wa bahari hakuna aliyelitaka kipindi cha pili. Na viatu? Mwenye viatu alikuwa mwalimu.

Juzi nilialikwa kwenye hafla ya kuwatuza vijana wa mpira na timu za sekondari za kisiwani. Nilikwenda na kanzu iliyopigwa pasi mara mbili, kwa kuwa kadi ilisema nami nitatunukiwa, kipa wa zamani, na mke wangu alikwisha kuitembeza kadi hiyo mtaa mzima. Ukumbi ulijaa maputo. Viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, vimefungwa fundo mgongoni. Vijana wakaingia, vichwa vimenyolewa ubavuni na kuachwa kishungi juu, viatu vya rangi ya ndimu. Sahani ya pilau ikifika, kijana haanzi kwa Bismillahi, anaanza kwa picha. Anaipiga kwa juu, anaipiga kwa ubavu, pilau inapoa. Enzi zetu pilau haikupata nafasi ya kupoa.

Kisha tuzo. Mfungaji bora, sawa, huyo alikuwa kijana wa Mbwajumali, kijiji jirani, na alistahili. Beki bora, sawa. Lakini zikafuata mchezaji anayechipukia, mchezaji aliyeimarika, mchezaji mwenye bidii mazoezini, mchezaji mwenye tabasamu. Nilihesabu wasiotuzwa nikapata wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa nyumbani.

Tuzo yetu sisi ilikuwa sinia. Mechi ikiisha, mshindi na mshinde wanakaa pamoja, wanne kwa sinia moja, wawili wa kwetu na wawili wa kwao, mikate ya mofa na samaki wa nazi. Aliyekupiga teke sasa hivi ndiye anayekumegea mnofu. Mama yangu alisimama mlangoni kutuchunga: "Mgeni ale kwanda!" Harufu ya ile mikate ikitoka motoni ninayo puani mpaka leo, na sijaipata tena popote.

Ikaja tuzo ya nidhamu. Mshereheshaji, mwalimu kijana wa kutoka bara, akamwita kipa wa sekondari, mwenye kishungi kirefu kuliko wote, akaeleza: kwenye fainali refa hakuona kama mpira umevuka mstari. Akamuuliza kipa mwenyewe. Kipa akasema umevuka. Wakakosa kikombe.

Nikamnong'oneza jirani yangu, "Enzi zetu angefukuzwa mjini." Akacheka sana. Mimi nikaisukuma sahani kando.

Maana mimi niliulizwa swali lilo hilo. Tulicheza na Mbwajumali, tunaongoza moja bila, nami ndimi niliye kwenye lango la baharini. Maji yako vifundoni, mstari wa goli umeshafutwa na wimbi. Lali wa Mbwajumali akapiga shuti kali, likanipita, wimbi likaurudisha mpira hadi mikononi mwangu. Nikaukumbatia. Refa wetu, mwalimu wa bara naye, alikuwa amesimama pakavu akichunga viatu vyake. Akapaza sauti, "Kipa, imeingia?"

"Wallahi haikuingia!"

Maji yakapanda, mechi ikaisha, nikabebwa mabegani kuzunguka mji.

Mama alikuwa na msemo wake, "Ndia ya muongo ni fupi." Njia yangu imeenda miaka zaidi ya thelathini. Nilifunga siku tatu za kafara ya kiapo kimyakimya, nikadhani nimemaliza. Lakini Mungu husamehe haki yake Yeye. Haki ya Lali anayo Lali. Na Lali tumepeana mkono wa Idi miaka yote hiyo, hajalitaja hata siku moja. Jioni ile alikuwa meza ya tatu, baba wa mfungaji bora.

"Sasa ni zamu ya lejendi!" mshereheshaji akapiga kelele. "Kipa ambaye Mbwajumali walishindwa kumfunga, Bwana Shee!"

Nikapanda. Nikapewa kikombe cha plastiki kilichopakwa dhahabu, pamoja na kipaza sauti. Nikasema, "Lile goli la Lali liliingia. Niliapa uongo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Jamani, unyenyekevu wa wazee wetu!" akasema mshereheshaji. "Makofi!" Nikarudia. Wakacheka zaidi, simu zote juu zikinirekodi. Tumewaimbia tangu wazaliwe kwamba enzi zetu watu hawakudanganya, basi mmoja wetu akisema kweli wanaona anafanya utani.

Nikashuka moja kwa moja hadi meza ya tatu, nikamwekea Lali kikombe mbele yake. Yeye hakucheka. Hakukigusa.

"Kikombe eka wewe," akasema. "Mimi nalikuwa nikingoya neno lako hilo."

"Nisamehe, Lali."

"Nimekusamehe zamani. Ila baba hakunisamehe mimi. Nalimwambia mpira umeingia, akanambia: Shee ameapa, wewe ndiwe muongo. Amekufa na neno hilo."

Niliona haya ambayo sijapata kuiona maishani. Vijana wa siku hizi nimewacheka, na nitaendelea kuwacheka, viatu vile haviwezekani. Hawamwamini mtu mpaka wairudie picha kwenye simu mara tatu. Enzi zetu hatukuwa na picha. Muislamu akiapa, yamekwisha, ameaminiwa. Nautamani sana wakati ule. Na kwa kuwa nami niliaminiwa, mzee wa watu ameingia kaburini akimwita mwanawe mwongo.